Noeli Ile Ulipomalizia Hadithi ya Mama

Yaya Numbi, dada yangu mkubwa,

Watoto wangu wametoka tangu asubuhi kwenda kuchota udongo wa kichuguu. Noeli inakaribia, na wanataka kufinyanga pango la Mtoto Yesu kabla mvua ya mchana haijaanza. Nimebaki peke yangu hapa nyumbani kwangu, katika mtaa huu wa mji wa shaba unaoitwa Kenya, na najua kitakachotokea wakirudi. Watamwaga udongo barazani, watautia maji, na harufu yake itakapopanda, wewe utaingia. Ndivyo imekuwa kila mwaka. Hakuna anayegonga. Nageuka kutoka kwenye sufuria nikiwa na hakika kwamba umesimama nyuma yangu na sanduku lako la bati, unangoja mtu akuonyeshe pa kukaa. Naangalia, hakuna mtu. Naendelea kupika.

Sijawahi kukuandikia. Sikujua barua niipeleke wapi, na hata leo sijui. Lakini kuna jambo nililolitenda ambalo mama alikufa bila kulisikia kinywani mwangu, na wewe ulikuwepo. Basi nitalisema wazi, mbele ya yeyote atakayesoma.

Wacha nianze na Noeli za kabla hujaja, maana wewe hukuziona.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi, upande ule ambao moshi wa bomba kubwa la kiwanda ulitushukia kila upepo ulipogeuka. Baba alikuwa kwenye matanuru ya shaba. Nyumba zilikuwa za matofali, zimepangwa mistari, na mstari wetu ulikuwa na watu wa kila upande: sisi wa kaskazini, Mama Ntumba na watu wake kutoka Kasai, na Baba Mwape, Mubemba, ambaye alikuwa hana mke wala mtoto. Siku nyingine zote watu wa mstari ule waligombania bomba la maji. Siku ya Noeli, baada ya Misa ya asubuhi na wali na kuku, mvua ilipoanza, wote walikuja kukaa barazani kwetu. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulimiminwa, na kila nyumba ilipaswa kutoa hadithi moja.

Baba Mwape alileta Kalulu, yule sungura wa kwao. Mama Ntumba alileta Kabuluku, paa mdogo wa Kasai anayewashinda wakubwa wote wa porini. Kila mwaka walibishana mnyama wa nani ana akili zaidi.

"Kalulu yako angefika kwetu Kasai, tungemukula na sombe," alisema Mama Ntumba.

"Mungemukamata kwanza," alijibu Baba Mwape, na sisi watoto tulicheka mpaka munkoyo ukatutoka puani.

Mama alikuwa na hadithi moja tu. Kila Noeli aliitoa hiyohiyo, na hakuna aliyemwambia abadilishe. Mwanamke na binti yake walifika kwenye mto mpana. Mtumbwi ulikuwa mdogo, na mwenye mtumbwi akasema anaweza kumvusha mmoja tu. Mama akamwambia binti yake: kaa hapa juu ya jiwe, nikifika ng'ambo nitaurudisha mtumbwi. Akavuka. Binti akakaa juu ya jiwe, akaimba:

Mwenye mtumbwi, geuza kichwa,
jua limefika juu ya maji.

Wimbo huo wote tuliuimba, baraza zima, hata Baba Mwape ambaye sauti yake ilikuwa kama msumeno. Kisha mama alinyamaza.

"Na kisha?" tulimuuliza. "Mutumbu ulirudia?"

"Kisha mbula ilianza, bantu bakaenda kwabo," alisema mama, na kusimama kukusanya vikombe. Kila mwaka aliikata palepale. Nilidhani ni mzaha wake. Niliwaza kwamba siku nikiwa mkubwa ataniambia mwisho wake, mimi peke yangu, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee.

Halafu ukaja wewe. Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa majuma mawili kabla ya Noeli, na baba alikwenda kukupokea stesheni. Ulikuwa msichana mkubwa tayari, mrefu, na ulivaa kikwembe kilichofifia mpaka rangi yake haikujulikana. Mama alisimama mlangoni na hakukukumbatia. Alikuangalia tu, kisha akashika ukingo wa mlango. Baba akaniambia, "Huyu ni yaya yako Numbi, mutoto wa ndugu ya mama yako. Nkambo yake, ule muzee alimulea, amekufa. Ataikala na siye." Ofisini mwa kambi aliandika hivyohivyo: mgeni, mtoto wa ndugu. Ulipewa karatasi ya ruhusa ya siku chache.

Nilikupenda haraka, Yaya. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Ulikuwa unajua kusuka mikeka na kupiga mluzi kama ndege wa mtoni, na ulikuwa unaogopa bomba la maji, ulilifungua na kurudi nyuma hatua mbili. Tulikwenda pamoja kuchota udongo wa kichuguu nyuma ya kambi, pale ambapo ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba unaanza. Nilikuambia kwamba wafalme watatu walikuja kwa Yesu na mnyama anayeitwa ngamia. Ukaniuliza ngamia ni nini. Nikakuambia alivyosema katekista: mnyama mkubwa, mwenye kitu kinene mgongoni, anayeweza kukaa siku nyingi bila kula. Ukafikiri sana. Kisha ukafinyanga kiboko. Mzuri, mwenye masikio madogo na mdomo mpana, na mfalme amepanda juu yake. Padri alipopita kubariki mapango ya mstari wetu aliinama akamtazama kiboko yule kwa muda mrefu. "Huyu amekuja kwa njia ya maji," alisema, akambariki naye. Ulificha uso wako mabegani mwangu kwa kicheko. Bado nausikia mtikisiko wa kifua chako.

Siku ya Noeli mvua ilianza mapema. Baraza lilijaa. Baba Mwape alitoa yake, Mama Ntumba akatoa yake, wakabishana. Ikafika zamu ya mama. Nilimwona akisita, akamwangalia baba, baba akaangalia chini. Nadhani hakutaka. Lakini Mama Ntumba alisema, "Mama, tunangoja mutoto wa ku mto," na mama akaanza. Wewe ulikuwa umeketi kizingitini, nyuma ya wote, unamenya karanga. Wimbo ulipofika, uliimba na sisi. Uliujua. Nikashangaa kwamba uliujua, maana nilidhani ni wimbo wa nyumba yetu.

Mama akanyamaza pale alipozoea kunyamaza. Watoto wakauliza, "Na kisha?" Mama akafungua mdomo kusema habari ya mvua. Na wewe, kutoka kizingitini, bila kuinua uso kutoka kwenye karanga zako, ukaendelea.

"Mutoto aliikala pa jiwe," ulisema. "Mbula ikapita. Mutumbu haukurudia. Mbula ingine ikapita. Nkambo mumoja akamupatia chakula, akamulinda, akakomala pale ku mto. Kisha ikakuya mwaka jua ilikausha maji yote. Mutoto akaona mto inafika mpaka mu magoti. Akavuka na miguu yake. Akafika ng'ambo, akakuta kijiji, akamukuta mama yake iko natwanga muhogo, na mutoto mwengine anaikala pembeni yake. Akasimama pale. Mama akainua macho. Akamuuliza: weye ni nani?"

Ukaweka karanga chini. Ukainua uso wako, ukamwangalia mama.

Yaya, kulikuwa na watu ishirini pale barazani. Mvua ilipiga bati. Kila mtu mzima alikuwa ameshaelewa. Nilimwangalia mama nikingoja ajibu, maana hadithi ilikuwa yake. Akasema, "Moto unazimika," akasimama, akaingia ndani. Moto haukuwa unazimika. Mama Ntumba alianza upesi hadithi nyingine, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyeisikiliza.

Siku ya tatu yake mama aliniita jikoni. "Numbi ni mutoto wangu wa kwanza," aliniambia. "Baba yake alikufa, yee alikuwa angali mudogo. Bazee ba baba yake balikatala nimubebe. Balisema mutoto ni wabo. Kisha baba yako akanioa, tukakuya huku." Alisema hayo huku akichagua mchele, bila kuniangalia. Karatasi yako ya ruhusa ilikuwa imekwisha siku ileile ya Noeli. Baba alikuwa amengoja sikukuu ipite. Baada ya mwaka mpya angekwenda na mama ofisini, waseme ukweli, uandikwe kama mtoto wa nyumba. "Muntu yeyote akikuuliza," mama alisema, "sema ni yaya yako. Njo vile tu."

Nikasema ndiyo.

Lakini kitu kilikuwa kimeniingia. Kuanzia Noeli ile mama alikuwa anakusuka nywele kila mchana, polepole, kana kwamba anatafuta kitu kichwani mwako. Mlikaa hivyo mpaka jua likageuka. Zamani kile kigoda cha kusukiwa kilikuwa changu. Mara mbili aliniita kwa jina lako. Na mimi nilikuwa nimesikia hadithi ile kwa masikio ya mtoto. Niliwaza: amevuka mto kuja kumchukua mama. Siku moja nitaamka, nitakuta wote wawili wamevuka kurudi, na mimi ndiye nitakayebaki juu ya jiwe. Sikumwambia mtu. Nilianza kukukwepa. Ulinipigia mluzi nikajifanya sisikii.

Polisi wa kambi alipita asubuhi moja, siku chache kabla ya mwaka mpya. Baba alikuwa kazini, mama alikuwa sokoni. Unakumbuka alivyokuwa, mtu mfupi, wa kwetu kaskazini naye, aliyevua kofia kila aliposimama kwenye kivuli. Wewe ulikuwa unafagia mbele ya nyumba. Alikuomba karatasi yako ukampa. Akaisoma, akaigeuza, akakuna shingo. Kisha akaniita mimi.

"Wee mutoto, kuya hapa," alisema, tena kwa upole. "Karatasi ya huyu imekwisha. Kama ni mugeni, nitamupeleka ku ofisi. Lakini kama ni muntu wa hii nyumba, miye napita tu, baba yako atapanga mambo na bakubwa. Sasa uniambie. Huyu ni nani?"

Ulikuwa umeshika ufagio kwa mikono miwili. Uliniangalia kama ulivyomwangalia mama siku ya Noeli.

Nikasema, "Simujue."

Aliniuliza tena, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba. "Humujue?"

"Simujue," nikasema.

Hukulia, Yaya. Hukunikanusha wala kubishana naye. Uliegemeza ufagio ukutani, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Ukaingia ndani ukatoka na sanduku lako. Ulipita karibu yangu na mkono wako ukagusa kichwa changu, sijui kama ulikusudia.

Baba alipotoka kazini alikimbia ofisini na nguo zake za tanuru. Alikuta mambo yamekwisha kuandikwa. Walimwambia kama ni mtoto wa mke wake angesema mwanzoni. Alisema mgeni, na mgeni anarudi alikotoka. Wakakupandisha gari la moshi la kesho yake mpaka Bukama, ambapo ungeingia meli ya kushuka mto Lualaba hadi kwenu Ankoro. Mama alifika stesheni gari likiwa limeanza kutembea. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja.

Aliniuliza mara moja tu: "Yule polisi alikuuliza kintu?"

Nikasema hapana.

Baba alimwandikia katekista wa Ankoro. Jibu lilichukua muda mrefu, mvua zilikuwa zimekwisha lilipokuja. Katekista alisema hakuna msichana aliyeshuka. Alikuwa amewauliza watu wa meli na watu wa kijiji, na hakuna aliyekuona. Baba alimsomea mama barua ile barabarani mbele ya nyumba kwa sababu mama hakutaka kuisikia ndani.

Noeli iliyofuata watu walikuja barazani kama kawaida. Baba Mwape alitoa Kalulu, Mama Ntumba akatoa Kabuluku. Zamu ya mama ilipofika, alisema, "Miye sina hadisi." Hakuna aliyemsukuma. Mwaka mwingine hawakumuuliza kabisa, walimruka kama mtu anavyoruka shimo analolijua. Lakini tangu hapo, kila majuma ya kabla ya Noeli, siku ya gari la kutoka Bukama, mama alivaa kikwembe chake kizuri akaenda stesheni. Alisimama mpaka abiria wa mwisho ashuke. Nilikwenda naye mara moja. Nilimwona akimwangalia kila msichana usoni, mmoja mmoja, na msichana akishapita, macho yake yanahamia kwa mwingine. Sikwenda tena.

Yule polisi aliendelea kukaa kambini miaka mingi. Kila alipomsalimu, mama aligeuza uso. Yeye alivua kofia yake vilevile. Angeweza kumwambia neno moja tu na lawama yote ingenirudia mimi. Hakulisema. Nilipoolewa alikuja kwenye sherehe, akanishika mkono, na aliponiangalia nilijua kwamba hakusahau. Nilisema, "Baba, nisamehe." Akasema, "Ulikuwa mutoto. Lakini miye nilikuwa mukubwa, na niliandika." Akaenda kukaa na wengine.

Mume wangu anafanya kazi kwenye gari la moshi, na mama alipofariki, mwaka juzi, nilimwomba tupande naye mpaka Bukama. Hakuniuliza sababu. Nilikaa kwenye gati siku mbili nikiuliza watu wazima. Wengi waliniangalia kama mtu mwenye homa. Halafu mwanamke mmoja mzee anayeuza samaki wakavu aliacha kufukuza nzi, akafikiri.

"Nilimuona," alisema. "Musichana murefu, na sanduku ya bati. Alikuwaka anaikala pale, juu ya sanduku, anaangalia maji. Bateau, ile meli, ikakuya, haingii. Nikamuuliza: unangoja nani? Anasema: nangoja tu. Siku tatu, siku ine vile. Nilikuwaka namupatia samaki."

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha siku moja sikumuona tena. Na sanduku pia haikuwako."

Nilimuuliza kama uliingia kwenye meli, au ulirudi na gari, au ulifuata mtu. Alisema hakuona. Nilitaka kumuuliza juu ya maji na sikuweza. Yeye mwenyewe aliniambia, bila kuulizwa, kwamba mto haukurudisha mtu mwaka ule, hilo angelikumbuka. Nimelishika neno hilo kwa meno. Mtu akiondoka na sanduku lake, amekwenda mahali, si kweli? Lakini siku nyingine nawaza kwamba sanduku linaweza kuchukuliwa na yeyote.

Kwa hiyo sijui kama namwandikia aliye hai. Mwezi uliopita, sokoni hapa Kenya, niliona shingo yako mbele yangu. Nilimfuata mwanamke yule katika mvua, nikiacha nyanya zangu juu ya meza ya watu, mpaka kwenye mlango wa ua wake. Aligeuka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye uso mwema, akaniuliza kama nimepotea. Na wewe sasa ungekuwa mtu wa makamo, Yaya. Mimi natafuta msichana, na msichana huyo hayupo popote. Hilo nalo lilinijia palepale mlangoni mwa watu, nikalia kama mjinga, na yule mama akaniletea maji.

Jumapili iliyopita, parokiani, walitugawia karatasi tuandike majina ya marehemu wa familia, yasomwe kwenye Misa ya Noeli. Nikaandika baba. Nikaandika mama. Kalamu ikasimama chini yake na ikakaa pale. Watu nyuma yangu walianza kuguna. Sista anayekusanya karatasi, msichana mdogo wa kwetu, akaniuliza, "Njo bote?"

Nikamwambia waliokufa ndio hao.

Lazima aliona kitu usoni mwangu, kwa sababu hakunisogeza. Akasema kuna karatasi nyingine kwa ajili ya walio hai walio mbali, akanipa moja. Ilikuwa na mistari miwili tu ya kujaza. Kwenye wa kwanza nikaandika Numbi. Wa pili ulikuwa unauliza ni nani kwangu. Maandishi yalikuwa mabaya, nikahofia msomaji hataweza kuyasoma mbele ya watu, nikayaandika tena juu yake kwa herufi kubwa: YAYA YANGU. Sista akasoma kwa sauti ili ahakikishe, na wote waliokuwa kwenye mstari wakasikia.

Popote ulipo, kula vizuri Noeli hii, na asikose mtu wa kukaa nawe. Sikuombi unisamehe upesi.

Mdogo wako, wa tumbo moja.